KONA YA UFUNDI: Pampu Ikikataa Kuwaka, Fuata Njia ya Petroli

Mwezi uliopita kona yetu ilifundisha kuziba pancha ya baiskeli. Tangu siku hiyo wengi mmetusimamisha njiani na kutuambia: baiskeli tumeelewa, lakini mbona hamsemi kitu juu ya mashine za maji? Na kweli kiangazi ndicho hiki, mvua imekwenda zake, na bustani za kando ya ziwa zinaishi kwa pampu. Haya basi, mwezi huu ni zamu ya pampu, na hasa kile kidude kinachosumbua watu kuliko vyote, yaani kabureta.

Kwa nini tumechagua kabureta? Kwa sababu ya jambo lililotokea juzi juzi. Kuna kikundi cha akina mama kumi na wawili wanaolima nyanya, kabichi na lengalenga karibu na maji. Pampu yao ni ile ndogo ya petroli, ya kuvuta kwa kamba, kama zilizo nyingi hapa kwetu. Waliitumia mara ya mwisho mwezi wa pili. Mvua za mwezi wa tatu zilipoanza, wakaiweka stoo pamoja na petroli yake ndani ya tangi. Mwezi wa sita wakaitoa, wakavuta kamba mpaka mikono ikauma, wapi! Haikuwaka.

Wakamwita fundi. Fundi akavuta kamba mara tatu, akaiangalia, akasema kabureta imekufa, inatakiwa mpya. Kununua na kufunga, shilingi 90,000. Sanduku la akiba la kikundi lilikuwa na 140,000, na pesa hizo zilikuwa za madaftari na karo ya watoto muhula wa tatu, mwezi wa tisa. Nyanya zilikuwa zimeanza kutoa maua. Nusu ya akina mama wakasema tulipe, nyanya zisife. Nusu nyingine wakasema tukilipa, watoto watakaa nyumbani. Wakafika hatua ya kutosalimiana vizuri.

Mama mmoja kati yao mtoto wake anasoma katika darasa letu la ufundi la jioni. Akatufuata shuleni. "Walimu, pampu yetu imekataa kabisa. Wanasema imekufa. Ninyi mnafundisha watoto mambo haya, hamwezi kuja kuiangalia tu?" Tukamjibu, "Pole, mama. Kuangalia hakulipiwi. Kesho saa tisa tutakuja, lakini na ninyi muwepo, maana mtakaofanya kazi ni ninyi."

Yaliyofuata ndiyo somo la mwezi huu. Na somo lenyewe ni hili: kabureta hufa mara chache sana. Mara nyingi imeziba, au imeletewa mafuta mabaya. Kabla ya kununua kitu chochote, fuata njia ya petroli, tangu kwenye tangi mpaka kwenye injini, hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja.

KABURETA INAFANYA NINI?

Petroli (wengine tumezoea kuiita esansi) haiwaki vizuri ndani ya injini ikiwa majimaji. Lazima ipulizwe iwe kama ukungu na kuchanganywa na hewa. Kwa uzito, kila gramu moja ya petroli inahitaji kama gramu 15 za hewa. Hewa ikizidi sana, injini inakohoa na kuzima. Petroli ikizidi, inatoa moshi mweusi na kulowesha plagi, ile tunayoita buji.

Kazi hiyo ya kuchanganya ni ya kabureta. Ndani yake kuna njia ya hewa ambayo katikati imebanwa, kama shingo. Hewa ikipita mahali palipobanwa inakwenda mbio, na inapokwenda mbio msukumo wake unapungua. Mtaalamu wa Italia aitwaye Venturi aliandika juu ya jambo hili mwaka 1797, wakati injini za petroli bado kabisa. Pale penye shingo kuna tundu la petroli. Kwa kuwa msukumo umepungua hapo, petroli inapanda yenyewe kutoka chini na kupuliziwa ndani ya hewa. Mjerumani Wilhelm Maybach ndiye aliyetengeneza kabureta ya namna hii ya kupuliza, mwaka 1893. Kabureta ya pampu yako bado inafuata mpango huo huo.

Petroli inayosubiri kupanda inakaa kwenye bakuli dogo chini ya kabureta. Ndani ya bakuli kuna boya linaloelea. Bakuli likijaa, boya linapanda na kusukuma sindano ndogo inayofunga mlango wa petroli. Bakuli likipungua, boya linashuka, sindano inaachia, petroli inaingia tena. Mmeshaona choo cha maji cha mjini, lile tangi lenye boya? Ni mpango ule ule.

Kutoka kwenye bakuli, petroli inapita kwenye kitundu cha shaba kinachoitwa jeti. Tundu lake ni dogo, halifiki milimita moja. Punje moja ya mchanga inatosha kulifunga. Ndiyo maana pampu nzima, kubwa vile, inaweza kushindwa na kitu usichokiona kwa macho.

KABLA YA KUGUSA KABURETA

Kwanza hakikisheni mambo madogo. Swichi imewashwa? Koki ya petroli imefunguliwa? Petroli imo? Halafu oili. Injini nyingi za aina hii zina kifaa kinachokata moto oili ikipungua, ili injini isiungue. Watu wanahangaika na kabureta siku mbili, kumbe ni oili tu. Weka pampu mahali tambarare, fungua kifuniko cha oili, angalia.

Pili, jueni shida ni ya nani. Kama injini inaunguruma vizuri lakini maji hayatoki, msiguse kabureta. Hapo angalieni mpira wa kuvuta maji, labda umetoboka na kuvuta hewa, au hamkujaza maji kwenye pampu kabla ya kuwasha. Kabureta haina kosa hapo.

Tatu, muulizeni shahidi. Shahidi ni plagi. Vuta kamba mara tano au sita choki ikiwa imefungwa, kisha toa plagi uitazame. Ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki. Ikiwa imelowa na kunuka petroli, basi petroli inafika, pengine imezidi, au moto ndio haupo. Ikiwa nyeusi kama masizi ya sufuria, hewa haitoshi: angalia chujio la hewa na choki.

Plagi ya akina mama ilikuwa kavu kama jiwe. Basi tukajua: petroli imekwama njiani. Lakini wapi?

HATUA YA KWANZA: PETROLI YENYEWE

Chukua chupa ya kioo iliyo safi na kavu, mimina petroli kidogo kutoka chini ya tangi, iache itulie dakika kumi. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo kama kuna maji utayaona yamekaa chini, na mstari katikati. Maji yanaingia kwa mvua, kwa kifuniko kibovu, au kutoka kwenye jerikani. Hata kopo la petroli la njiani linaweza kuwa na maji bila muuzaji kujua.

Halafu harufu. Petroli mpya ina harufu kali inayopanda puani. Petroli iliyokaa miezi inanuka kama rangi ya zamani. Watengenezaji wengi wa injini wanasema usiiache kwenye mashine zaidi ya mwezi mmoja au miwili, kwa sababu sehemu nyepesi zinaruka hewani na zinazobaki zinakuwa nzito, kama gundi.

Tatu, mafuta ya taa. Wako watu wanaochanganya ili wapate faida. Dondoshea tone moja kwenye karatasi nyeupe, liache likauke kivulini. Petroli safi inakauka upesi na haiachi doa la mafuta. Likibaki doa linaloteleza, ujue kuna mafuta ya taa au oili ndani. Injini itawaka kwa shida na kutoa moshi.

Kwenye chupa ya akina mama maji yalikuwa unene wa kidole. Juu yake petroli ilikuwa ya njano iliyoiva. Hiyo petroli hatukuimwaga shambani wala ziwani. Tuliiweka kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na watoto.

HATUA YA PILI: KIFUNIKO CHA TANGI

Kifuniko kina tundu dogo la kupumulia. Petroli ikitoka, hewa lazima iingie. Tundu likiziba kwa vumbi, injini inawaka vizuri, inafanya kazi dakika kadhaa, halafu inafifia na kuzima. Ukingoja kidogo inawaka tena. Wengi wakiona hivyo wanasema injini imechoka kwa joto. Dawa ya kujua ni rahisi: ikianza kufifia, legeza kifuniko. Ikichangamka, umeshapata mwizi. Osha kifuniko, fungua tundu.

HATUA YA TATU: MPIRA, KOKI NA KIKOMBE CHA UCHAFU

Chomoa mpira wa petroli pale unapoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa. Petroli inatakiwa itoke mfululizo kama maji ya bomba, si tone moja moja. Ikitoka kwa matone, chujio la ndani ya tangi limeziba, au mpira umejikunja au umepasuka ndani. Kuweni tayari kuubana kwa vidole, maana petroli itatoka hapo hapo.

Pembeni ya kabureta, chini ya koki, kuna kikombe kidogo. Kazi yake ni kukusanya maji na uchafu kabla havijaingia ndani. Funga koki, fungua kikombe kwa spana namba kumi, kimwage, kifute, rudisha na mpira wake wa duara. Kazi ya dakika tano tu, na kikundi kikifanya hivi kila wiki mbili, shida nyingi hazitaanza.

HATUA YA NNE: BAKULI

Chini ya bakuli la kabureta kuna boliti ndogo ya kumwagia. Weka chupa chini, fungua koki, fungua hiyo boliti. Petroli ikitoka mfululizo, basi njia ni nzima mpaka hapo, na lawama inabaki kwa jeti. Ikitoka kidogo na kukatika, sindano imeganda au mlango wake umeziba.

Kwa akina mama ilitoka maji, kisha matone mawili matatu ya kitu kama asali, kisha ikakatika.

Sasa funga koki, shika bakuli kwa mkono mmoja, fungua boliti kubwa ya chini kwa spana namba kumi. Bakuli litashuka. Chungeni mpira wa duara usipotee wala usikatike. Tandikeni kitambaa cheupe chini, kwa sababu kuna vitu vidogo vinavyopenda kukimbilia mchangani.

HATUA YA TANO: BOYA, SINDANO NA JETI

Boya limeshikwa na kipini chembamba. Kivute taratibu, boya na sindano vitatoka pamoja. Tikisa boya karibu na sikio. Ukisikia majimaji ndani, limetoboka, halielei tena, na petroli itafurika daima. Hilo ni la kubadilisha. Sindano itazame nchani: ikiwa na alama ya kuliwa, nayo ibadilishwe. Zikiwa nzima, zifute tu.

Jeti iko katikati, juu ya pale ilipopita boliti kubwa. Ifungue kwa bisibisi inayotosha sawasawa, isije ikavunja kichwa chake. Iinue juu uangalie mwanga. Ukiona mwanga wa duara, ni nzima. Usipoona kitu, imeziba.

Sasa sikilizeni vizuri. Msiingize sindano ya kushonea, wala waya wa chuma, wala pini. Shaba ni laini. Tundu likipanuka hata kidogo, injini itakunywa petroli kupita kiasi siku zote, na hapo kweli mtanunua nyingine. Lowekeni jeti kwenye petroli safi, kisha tumieni uzi mmoja tu wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme wa zamani. Halafu pulizeni kwa pampu ya baiskeli. Usipulize kwa mdomo, petroli si kitu cha kuonja.

Na zile skrubu za pembeni, tafadhali, ziacheni. Moja ni ya kasi ya injini ikiwa imetulia, nyingine ni ya mchanganyiko. Vijana wengi wakiona pampu imekataa, kitu cha kwanza ni kuzungusha skrubu. Uchafu hautoki kwa kuzungusha skrubu. Utakuwa na shida mbili badala ya moja.

Jeti ya akina mama haikuonyesha mwanga hata kidogo. Mama mweka hazina ndiye aliyeisafisha kwa mkono wake. Alirudia mara nne, na mara ya nne akaiinua juu akasema, "Naona jua!" Wote wakataka kuangalia, mmoja baada ya mwingine.

Tukarudisha kila kitu, tukaweka nusu lita ya petroli mpya iliyopita kwenye kitambaa safi, tukafungua koki, tukasubiri kidogo bakuli lijae. Choki ikafungwa. Kamba ikavutwa mara moja, mara mbili, ya tatu ikawaka. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Maji yalifika kwenye nyanya kabla ya giza. Mistari miwili ya pembeni ilikuwa imeshakauka, hiyo hatukuiokoa. Lakini sanduku la akiba halikufunguliwa.

Hatusemi kwamba yule fundi ni mwizi. Fundi hulipwa kwa kufunga kifaa kipya, na mteja asiyejua hamwulizi swali. Tunachosema ni kwamba mwenye mashine ajue swali la kuuliza. "Umeangalia jeti? Umemwaga bakuli?" Fundi mzuri hatakasirika.

DALILI KWA UFUPI, KATENI MBANDIKE STOO

Injini haiwaki, plagi kavu: petroli haifiki. Fuata hatua zote.

Inawaka, kisha inazima baada ya dakika chache: kifuniko cha tangi, au petroli inatoka polepole.

Inakubali tu choki ikiwa imefungwa: jeti imeziba nusu, au hewa inaingia kwenye gaskiti iliyochanika kati ya kabureta na injini.

Inapanda na kushuka kama mtu anayehema: ni hiyo hiyo, petroli haitoshi.

Petroli inadondoka chini ya kabureta: uchafu umezuia sindano kufunga, au boya limetoboka. Funga koki upesi, usiwashe.

Moshi mweusi: choki imesahauliwa, au chujio la hewa limejaa vumbi.

USALAMA WA NYUMBANI

Gazeti hili ni la familia, kwa hiyo hapa tunasema na kila mtu, hata asiye na pampu.

Petroli haiwaki peke yake tu pale ilipo. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kusafiri mpaka kwenye jiko. Kazi hii ifanyike nje, mbali na moto, bila sigara, injini ikiwa imepoa. Na msijaribu kuangalia cheche za plagi wakati kuna petroli imemwagika karibu.

Msiweke petroli kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto hajui kusoma rangi. Akinywa, msimtapishe, kwa sababu ikirudi juu inaweza kuingia kwenye mapafu, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Mkimbizeni kituo cha afya mara moja, mchukue na ile chupa. Kwa sababu hiyo hiyo, kunyonya petroli kwa mdomo kupitia mpira si ufundi. Tunawaona vijana wakifanya hivyo wakicheka. Waache.

Na moshi wa injini una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Usiwashe pampu wala jenereta ndani ya nyumba, wala stoo, wala usiiteremshe ndani ya kisima au shimo. Mtu anasikia usingizi, kichwa kinauma, anaanguka, na anayemfuata kumwokoa naye anaanguka. Pampu ikae juu, mpira ndio ushuke.

KUHIFADHI MVUA IKIJA

Siku ya mwisho ya kumwagilia, funga koki injini ikiwa inafanya kazi, iache imalize petroli iliyomo mpaka ijizime. Kisha mwaga bakuli kwa ile boliti ya chini. Toa petroli ya tangi uitumie mahali pengine, bodaboda wataipokea kwa furaha. Funika pampu mvua isiifikie. Ukifanya hivi mwezi wa tisa, mwezi wa kwanza utavuta kamba na itakubali. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu bei yake ni 90,000.

WAKATI WA KUMWITA FUNDI

Msione kwamba tunawafukuza mafundi. Kama petroli inafika vizuri, plagi imelowa na bado hakuna moto, hiyo ni kazi ya umeme. Kama kamba inavutika laini bila kukaza hata kidogo, valvu au ringi za pistoni zimechoka. Kama boya limetoboka au kabureta imepasuka, nunueni. Hapo lipeni bila kinyongo, kwa sababu mmeshajua mnalipia nini.

BARUA ZENU

Mzee mmoja wa Juru anauliza kama mambo haya yanafaa kwa trekta. Anasema zamani aliona trekta ndogo ya kijivu ya Ferguson ikitumia petroli. Ndiyo, mzee wetu, zilikuwepo. Ferguson TE20 zilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 mpaka 1956, zaidi ya nusu milioni, na nyingi zilikuwa na kabureta. Njia ni ile ile: tangi, koki, chujio, bakuli, boya, jeti. Vifaa ni vikubwa zaidi, basi. Lakini trekta nyingi za sasa ni za dizeli, wengine twaita mazuti. Dizeli haina kabureta wala plagi ya cheche. Huko adui ni maji na hewa kwenye mipira ya mafuta, na hilo ni somo lake peke yake.

Msomaji mwingine, dada wa Rubondo, anauliza vifaa gani vinunuliwe kwanza na kikundi chenye pesa kidogo. Dada, nunueni spana namba kumi, bisibisi moja bapa, spana ya plagi, na tafuteni chupa ya kioo. Uzi wa shaba na kitambaa mtapata bure. Vikae kwenye mfuko mmoja, na watu wawili wapewe dhamana. Mmoja akisafiri, mwingine yupo.

Kazi ya nyumbani: jioni ya leo, kabla ya kufunga stoo, kila mwenye pampu amwage kile kikombe kidogo cha chini ya koki kwenye chupa ya kioo, aangalie kuna nini. Mtuletee habari shuleni, jioni yoyote ya Jumanne au Alhamisi. Watoto wenu wa darasa la ufundi wanajua kufungua bakuli sasa, muwaulize. Na msione haya kuuliza mtoto.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutazungumzia mipira ya kuvuta maji na kwa nini pampu inawaka lakini maji hayaji. Mbaki salama.

Sisi walimu wenu wa kujitolea, darasa la ufundi la jioni.